Umeme Niliomshonea Meneja

Mwalimu wangu Othieno,

Salamu za huko ulipo sijui zinajibiwaje, kwa hiyo nakupa za huku tu. Sukari bado hakuna. Sabuni ipo, lakini iko ng'ambo, na ukiitaka inabidi uvuke kwa njia ya panya na urudi umenenepa tumbo ghafla. Wakubwa bado ni wakubwa. Cherehani yangu bado inalia pale barazani mwa duka lililokuwa la Mhindi, pale ulipozoea kukalia gunia langu la vipande vya vitambaa. Na mimi bado ni Musa yule yule, fundi wa nguo wa Busia, mwenye elimu ya darasa la nne na masikio ya chuo kikuu.

Na wewe bado umekufa. Hilo nalo halijabadilika. Lakini sasa tunajua ulikuwa umelala wapi, na leo umelala kwenu Kisoko. Nimeona nikueleze mwenyewe ilivyokuwa, maana wengine wanasimulia vibaya.

Tangu siku walipokutia kwenye buti la gari mbele ya lango la shule kule Tororo, chaki ikiwa bado mkononi, Mama Akoth hakulia kilio cha msiba. Alisema halii, hajaona maiti. Wazee wa kwenu wakamshauri uzikwe kwa mgomba, yaani mgomba uwekwe kaburini badala yako, ili watoto wanyolewe na mambo yaendelee. Akawajibu, "Mimi sikuolewa na mgomba." Unamjua mkeo. Akabaki hivyo, si mke, si mjane, na kila jioni sahani yako iko mezani imefunikwa. Nilimwona akiifunika, Mwalimu, siku niliyompelekea sare za watoto. Nikarudi Busia kwa baiskeli nikiwa na hasira hadi nikapita nyumba yangu mwenyewe.

Kutoka hapo nilitaka mambo mawili. La kwanza, aliyekuuza aumie. La pili, aseme ulipo. Niliyapanga kwa mpangilio huo, na nilikuwa nimeyapanga vibaya, kwa sababu mtu akishaumia sana hasemi tena.

Unakumbuka siku ya chupa? Ulikuja kutafuta vipande vya hariri na sufu kwa ajili ya wanafunzi wako, maana kabati la maabara lilikuwa limebaki na harufu tu. Nikakuambia, kwa kujisifu kidogo, kwamba nailoni mimi naijua tabia: Januari ukiikunjua inatatarika kama moto wa mabua, na nyuzi zote za mezani zinaipanda. Nilidhani utacheka. Uliketi. Ukaniuliza, "Na mvua ikinyesha?" Nikasema mvua ikinyesha inalala. Ukanipiga bega: "Musa, umeshafika nusu ya somo na karo hujalipa."

Halafu ukatoa chupa ya jemu mkobani. Mfuniko umetobolewa, tundu limezibwa kwa nta, waya wa shaba umepita katikati ya nta, na chini ya waya zinaning'inia karatasi mbili nyembamba za kung'aa, zile za ndani ya pakiti ya sigara. Ukajichana nywele kwa kitana cha plastiki, ukakisogeza karibu na waya bila kuugusa. Karatasi zikaachana, moja huku, moja kule, kama miguu ya mtu anayeruka mtaro. Ukakiondoa kitana, zikarudiana.

Ukanieleza kwamba kila kitu kina chaji za aina mbili, chanya na hasi, na kwa kawaida ziko sawa kwa sawa, ndiyo maana hatuzioni. Ukivisugua vitu viwili, elektroni, ambazo ni hasi, zinahama kutoka kimoja kwenda kingine. Hakuna kipya kilichoumbwa, hakuna kilichopotea, zimehama tu. "Kama magendo," nikasema. "Kama magendo," ukakubali, "ila elektroni hazihongi askari." Zilizo za aina moja zinafukuzana, za aina tofauti zinavutana. Kwenye chuma na shaba zinatembea zinavyotaka. Kwenye plastiki, nta na nailoni haziendi popote, zinakaa pale pale zilipowekwa. Umeme uliotulia, uliuita. Nilipenda jina hilo. Watu wengi hapa mpakani wanaishi kwa kutulia.

Nikakuuliza, kama kitana hakikugusa waya, karatasi zimejuaje? Ukatazama barabara, ukashusha sauti. "Umeliona soko gari la jeshi likipita? Wale wa kupiga saluti wanakimbilia mbele. Wale wa kuogopa wanakimbilia nyuma, kwenye vyoo, na huko nyuma wanasukumana wao kwa wao. Hakuna aliyeingia sokoni, hakuna aliyetoka. Gari likienda, kila mtu anarudi kwenye nyanya zake." Nilicheka hadi miwani ikaanguka. Nilimaliza darasa la nne bila mtu kunieleza kitu hivyo.

Nyuma yetu, mlangoni mwa duka, alikuwa amesimama Meneja.

Meneja unamjua. Wahindi walipofukuzwa alipewa duka, akajiongezea cheo mwenyewe, na tangu hapo anasimamia rafu tupu. Siku si nyingi kabla ya hapo ulimuuliza mbele ya foleni nzima sukari ya mgao imelala kwa nani. Foleni ilicheka. Yeye hakucheka. Siku ile ya chupa aliuliza kwa upole, "Mwalimu, hii redio yako inashika mpaka Kenya?" Ukamjibu, "Bwana Meneja, hii si redio. Inaonyesha tu kitu kina chaji au hakina." Akaitazama chupa muda mrefu, kama anayejifunza sura ya mtu.

Walikuja kukuchukua wiki ile ile. Walichukua na chupa.

Sikumshuku mara moja, nakwambia kweli. Siku hizo kila mtu anashukiwa, na kushuku kumeshuka bei. Alijitaja mwenyewe. Alikuja nimpime, na fundi yeyote atakuambia kwamba mtu akishainua mikono apimwe kifua, mdomo nao unafunguka. Nikiwa nimezungusha futi mgongoni mwake, akasema, "Yule rafiki yako wa mashine, walimkuta anaongea na wale waliokimbilia Nairobi. Mimi niliijua mapema ile chupa." Halafu akasema, na alikuwa akitabasamu, "Saa hii analinda changarawe."

Mkasi ulikuwa begani kwangu, Mwalimu. Ule mkubwa. Shingo yake ilikuwa karibu kuliko kifungo cha shati langu. Niliandika kipimo cha kola, na mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Nilikumbuka sahani iliyofunikwa. Mtu aliyekufa haonyeshi mahali. Machimbo ya changarawe wilaya nzima yako mengi, na ukienda kuchimba ovyo unachimbiwa wewe.

Alitaka suti. Aliniambia, "Musa, shona kama ya wakubwa, mimi nakwenda juu." Nikamwambia, "Bwana Meneja, wakubwa sasa hawavai pamba. Wakubwa ni krimplini juu, na ndani bitana ya nailoni, suruali nzima mpaka kwenye kisigino." Akauliza haitakuwa na joto? Nikasema joto ni la maskini. Akafurahi. Nikampa ushauri wa bure kuhusu viatu: avae raizoni, vile vya soli ya plastiki nene kama tofali, ili awe mrefu kuliko wateja. Na kile kiti chake kipya cha ofisini, asithubutu kukivua karatasi ya nailoni kiliyokuja nayo, maana kiti cha mkubwa hakivuliwi. Hilo alilijua tayari. Karatasi ilikuwa bado ipo, hata bei ya kiwandani imebandikwa.

Sasa fikiria, wewe mwenye somo. Mtu mnene amevaa nailoni, amekaa juu ya plastiki, anajigeuzageuza siku nzima kwa sababu hana kazi. Januari, upepo mkavu, vumbi hadi kwenye meno. Suruali inasuguana na kiti. Elektroni zinamhama, zinabaki kwenye kiti. Akisimama, anasimama na upungufu wake, na zile soli nene zinazuia ardhi isimrudishie chochote. Anatembea hivyo mpaka mlangoni, mtu mzima mwenye njaa ya elektroni, ananyosha kidole kwenye kufuli la geti la chuma.

Ta!

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Sikuinua kichwa. "Nani amenipiga?" aliuliza. Nikamwambia, "Hakuna mtu hapo, Bwana Meneja."

Ilimpiga kwenye kufuli. Ilimpiga kwenye sefu. Ilimpiga kwenye bomba la maji nyuma ya duka, akamtukana fundi bomba aliyefariki zamani. Suruali ikawa inamshika miguu kama mtoto anayelilia kubebwa. Akaanza kufungua geti kwa kutumia leso, kisha kwa fimbo. Mama mmoja muuza dagaa akamwambia wenzake, "Huyu anaogopa kufuli lake mwenyewe, kwani ndani kuna nini?"

Huku kwetu unajua mambo yalivyo. Radi ikipiga ng'ombe wa mtu, majirani hawaulizi habari za mawingu. Wanakuja wamesimama mbali kidogo, wanauliza, "Umekula cha nani?" Na mwenye ng'ombe anatoa mwenyewe, jembe la watu, mbuzi wa watu, kabla radi haijarudi kwa nyumba. Wewe ulizoea kubishana nao, ukichora mawingu yenye chaji hasi chini na ardhi inayojibu kutoka chini, na pale Tororo jinsi radi zinavyopenda lile jiwe kubwa kwa sababu limejitokeza. Walikusikiliza kwa heshima na bado wakarudisha mbuzi. Nisamehe, lakini mwaka huu nilikuwa upande wao.

Kwa sababu siku moja Meneja alisimama mezani kwangu akidai nipunguze kiuno, na vipande vidogo vya karatasi za patani, zile za kuchorea mikato, vilivyokuwa mezani viliruka vikamshika mkono wa koti. Vyenyewe tu. Kama siku ile ya kitana na karatasi. Akavifuta, vikarudi. Nikaona uso wake ukibadilika rangi, na nikajua amekumbuka chupa. Nikamwambia polepole, "Mwalimu alikuwa akifanya hivyo hapa hapa." Nikaendelea kukanyaga cherehani.

Lakini woga wa kufuli hautoshi kumfungua mtu mwenye marafiki jeshini. Na mimi nilikuwa na haraka. Ulinifundisha mwenyewe kwamba hewa yenye unyevu inaiba chaji kidogo kidogo mpaka iishe. Mvua za Machi zikifika, Meneja anapona, anajiita tena mwanamume, nawe unabaki kwenye changarawe. Kila asubuhi nilitazama upande wa ziwa, nikiona wingu nalitukana. Wakulima wa Masafu waliokuja sokoni walikuwa wakiomba mvua, nami fundi nikiomba dhidi yao. Sikuwaambia.

Aliyenisaidia ni Kapteni. Alikuja kuchukua mafuta ya taa yasiyouzwa kwa watu. Meneja alitoka ofisini mbio, kutoka kwenye kiti chake cha nailoni, akatembea juu ya zile tofali zake, akampa mkono wa heshima. Cheche iliruka kabla mikono haijakutana. Niliisikia mimi niliyekuwa barazani. Kapteni aliruka nyuma, mkono kiunoni kwenye bastola. "Wewe nafanya nini? Nataka ua mimi?" Meneja alianguka magoti, akilia, "Afande, si mimi, si mimi, ni huyo mwalimu!" Kapteni aliuliza, mwalimu gani. Naye akasema jina lako. Kwa sauti, mchana, mbele ya foleni.

Kapteni hakumpiga. Alimtazama tu, akajifuta mkono kwenye suruali, akaingia garini na hakuja tena. Walimtuma koplo, naye koplo alipokea mafuta kwa mbali.

Siku ya pili Meneja alikuja kwangu bila kofia. Alinena kwa sauti ya mtu aliyekopa sauti. "Musa, ndugu yangu, nyinyi Waislamu mna vitabu. Niandikie hirizi." Nikamwambia mimi nashona, siandiki hirizi. Akasema, "Nakuomba, sheikh." Sheikh! Mimi ninayelala msikitini kuanzia hotuba inapoanza. Nikamwambia, "Mimi najua moja tu. Hii ni ndogo. Ndogo inatangulia. Kubwa inakuja na mvua." Akauliza afanye nini. Nikasema, "Watu wa Kisoko wanajua. Mtu aliyepotezwa anataka kwao. Nenda ukamwonyeshe shemeji yake mahali. Lakini usiende na suti, utamkera Mwalimu. Nenda na kanzu ya pamba, miguu mitupu, ili aone umeshuka."

Alikwenda. Alimpeleka kaka yake Mama Akoth mpaka kwenye machimbo ya zamani, njia ya Merikit, akasimama juu ya kokoto bila viatu, akanyosha mkono. Kaka mtu alimpa jembe la chuma alishike. Hakupigwa. Alilishika tena, hakupigwa. Akalia kwa furaha, Mwalimu. Alisema umemsamehe.

Wewe unajua na mimi najua. Alikuwa amesimama ardhini kwa nyayo zake, na ardhi ilikuwa inampa kila alichokosa. Hata nyoka angesimama pale, ingempa.

Shemeji zako walikwenda mchana na mkokoteni, kama watu wanaotafuta changarawe ya kutengeneza uwanja wa nyumba, na kwenye kizuizi cha askari wakachangia sigara kama kawaida. Mlikuwa wengi mle shimoni. Nasema hivi haraka. Waliniita nije nitazame, kwa sababu sura zilikuwa zimekwisha. Nilikujua kwa goti. Ile suruali ya terilini niliyokupigia kiraka, nikashona kwa uzi wa nailoni kwa sababu wa pamba ulikuwa umeadimika, nawe ukalalamika kwamba unaonekana. Pamba yote mle ilikuwa imeoza, Mwalimu. Uzi wangu ulikuwa umekaa. Ulionekana.

Hao wengine wana mafundi wao mahali fulani, na wake zao wanafunika sahani. Meneja anawajua wangapi? Ndilo swali ninaloamka nalo.

Mama Akoth alilia siku ile tuliyokuleta. Alilia mpaka majirani wa mbali wakaja. Sahani aliivunja mwenyewe kando ya kaburi. Siri ya suti nilikuwa nimeshampa. Baadaye alinivuta nyuma ya jiko, macho yamevimba, akaniuliza, "Shemeji Musa, na yule?" Nikamwambia mvua zimekuja, amepona, amenenepa, anasema wewe na yeye mmemaliza. Akaingia ndani, akatoka na ile kamisi yake ya nailoni uliyomnunulia Kisumu mwaka mliooana, akaniwekea mkononi. "Inatosha bitana?" aliuliza.

Inatosha, Mwalimu. Nimeshaipima.

Maana Meneja amepata alichokuwa akitafuta. Amechaguliwa chifu, na ataapishwa kiwanjani Desemba ikiisha, mbele ya watu wote wa huku, na Kapteni naye atakuja, kwa sababu ameamriwa aje. Kutakuwa na jukwaa lenye zulia la plastiki, kiti cha wageni ambacho hakijavuliwa karatasi yake, na maikrofoni kwenye mguu wa chuma uliosimama ardhini. Amekuja kwangu tena kwa sababu, anasema, mikono yangu ina baraka. Anataka suti nyeupe. Raizoni anazo bado. Atakaa akisikiliza hotuba ndefu za wenzake, akijigeuzageuza, kisha atasimama, atatembea juu ya zulia, na atasogeza midomo karibu na chuma kile kusema jina lake.

Na watu wa huku wataona. Na watasimama mbali kidogo. Na mmoja atauliza, mwingine ataitikia, kiwanja kizima kitamuuliza amekula cha nani, na safari hii atataja majina yote, najua, kwa sababu nimeshaona anavyotaja akiogopa. Najua pia Kapteni humfanya nini mtu anayemwogopa, hasa mtu anayetaja mashimo ya watu kwenye maikrofoni. Nimelifikiria hilo. Nililifikiria nikiwa napiga pasi kamisi ya mkeo, na nikainyosha mpaka pindo la mwisho.

Nilitaka kuishona barua hii ndani ya bega la koti lake, ulale juu yake akiwa anaapa. Lakini nina watoto, na mabega ya suti hupekuliwa. Nitaizika kwako, ndani ya chupa ya jemu. Nimeitengeneza mwenyewe: nta, waya, karatasi za sigara. Niliijaribu kwa kitana, zikaachana vizuri. Ungenikosoa kwenye nta, nimeimwaga nyingi.

Nakuaga, Mwalimu. Wanafunzi wako wawili wanakuja barazani siku hizi, nawaambia habari za soko na gari la jeshi, wanacheka mahali pale pale nilipocheka mimi. Nakuahidi suti itakuwa tayari kwa wakati, na mshono hautaonekana.

Pumzika sasa. Hewa imeanza kukauka.

Wako,
Musa